Kipimo Kabla ya Jicho la Mama

Mama alikuja Bariadi kutoka kijijini Lingeka kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Alikuwa amefikia mahali pa kuwatambua ng'ombe wake mwenyewe kwa mlio. Mimi ni mwalimu hapa mjini. Niliomba ruhusa ya siku tatu nikidhani zingetosha.

Kwanza walimtoa damu. Muuguzi alisema ni utaratibu, kila mgonjwa hupimwa hata kama haumwi kitu. Majibu yalipotoka tuliitwa wote wawili, kwa sababu Kiswahili cha mama ni cha mnadani tu na mimi ndiye nilikuwa mkalimani.

"Mwambie bibi ana kirusi cha homa ya ini," muuguzi alisema. "Hana dalili, na upasuaji utafanyika, ila ataingia wa mwisho, kwa usalama wa wagonjwa wengine. Ini lake litachunguzwa baadaye."

Nikamwambia mama kwa Kisukuma. Akaitikia kwa kichwa tu.

"Wengi hukipata wanapozaliwa, kutoka kwa mama," muuguzi akaendelea. "Watoto wake wote waje wapimwe."

Hilo sikulitafsiri.

"Amesema nini tena?" mama akauliza.

"Amesema usije ukajikuna jicho."

Nina binti wa miaka minne. Jioni ile nyumbani alinyoosha mkono achukue kikombe changu, nikampokonya kwa nguvu hadi akalia. Mama, aliyekaa palepale, akauliza mtoto ana nini. Nikasema amejikwaa.

Kesho yake mama alipoingizwa chumba cha upasuaji, nilikwenda maabara peke yangu. Aliyenitoa damu alinishika kiwiko. Majibu yakatoka mchana: ninacho. Sijawahi kuumwa hata siku moja, nimezaa, nimenyonyesha, na muda wote nilikuwa nacho.

"Mtoto alipata chanjo zake?" muuguzi akauliza.

"Zote."

"Mlete hata hivyo."

Nilirudi wodini nikakaa kando ya kitanda. Jicho moja la mama lilikuwa na bandeji, la pili lilikuwa na ukungu, kwa hiyo nililia bila sauti na hakujua.

Asubuhi wakamtoa bandeji. Alitazama dirisha, akamtazama muuguzi, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu.

"Ng'wanawane, mwanangu, macho yamekuvimba. Unaogopa nini?"

Sikuweza tena kudanganya. Nilimweleza yote, hata lile nililomficha. Akafuta uso wangu kwa ncha ya kanga yake.

"Kwa hiyo nilikupa mimi," alisema. "Na mimi sijui nilipewa na nani. Kamlete mtoto, nitakaa naye mimi."

Alimpakata binti yangu maabara wakati anatolewa damu. Mimi nilisimama nje ya mlango nikiwa nimeziba masikio. Tulisubiri karibu saa nzima. Mtoto hakuwa nacho.

Ini la mama na langu bado ni mazima. Kila baada ya miezi kadhaa tunarudi kupimwa, na kila nikisikia jina langu likiitwa, namshika mama mkono kabla sijainuka.