Siku Tuliyogawa Miji

Prefe, mkuu wa shule yetu hapa Kalemie, hapendi kelele, na mimi sipendi darasa linalosinzia. Ndiyo maana kila mwaka Noeli ikikaribia tunagombana. Safari hii nilimwambia kwamba wanafunzi wangu wa mwaka wa saba watafanya sherehe ya vitendawili na vitanza ndimi, kwa mandazi na makaratasi ya rangi. Akauliza, “Njo masomo hiyo?” Nikajibu, “Njo yenyewe, Papa Prefe.” Akashika kichwa.

Ukweli, nilikuwa na sababu nyingine. Nilikuwa na msichana aliyekimbia vita upande wa Nyunzu, akaja kukaa kwa mama yake mdogo anayeuza ndakala, vile visamaki vya ziwani, sokoni. Tangu shule ifunguliwe hakufungua mdomo isipokuwa kuitikia jina lake. Wenzake walimwita “mukimbizi”, utadhani ndilo jina alilobatizwa. Nilikemea, nilipiga meza, nilifoka mpaka sauti ikakauka, kazi bure. Wiki ile mama mdogo akanijia: “Prof, mutoto analia kila siku. Noeli ikipita, hatarudi masomo, atabaki na mimi kwenye soko.” Nikamwomba kwanza aje mwenyewe kwenye sherehe. Roho iliniuma, nisidanganye.

Siku ikafika. Ubaoni tulichora nyota za chaki za rangi, na mandazi yalianza kupungua kabla hatujaanza, nami najua nani aliyala. Sheria ilikuwa ile ya wazee wetu: ukitega na wenzako wakashindwa, wakupe mji, usipoupenda, ukatae mpaka wakupe unaoutaka. Ndipo utoe jibu. Chef wa darasa, yaani kiranja wetu, binti mwenye mdomo kama redio, alikuwa ameshajinyakulia miji ya Bendera na Manono.

Mara yule msichana wa Nyunzu akasimama. “Kitendawili!”

Darasa lilishangaa hata likasahau kuitika. Nikaitika mwenyewe, “Tega!”

“Tulimuzika peke yake, bila kulia. Tulipomufukua, alikuwa na watoto wengi.”

Walibahatisha weee! Mzimu. Mchawi. Panya. Mmoja akamtaja prefe, nikajifanya sikusikia. Watoto hawa wamezaliwa kando ya ziwa, jembe wanaliona sokoni tu. Wakashindwa.

“Tunakupa Kabalo!”

“Sitaki.”

“Moba!”

“Sitaki.”

Kutoka benchi la nyuma mmoja akapaza sauti: “Basi tumupe Nyunzu, arudi kwao!” Wakaangua kicheko. Damu ilinipanda, nikaanza kwenda huko nyuma na mkono juu, lakini yule msichana aliniwahi.

“Nyunzu ni yangu tayari,” akasema. “Munaweza kunipa kitu yangu?”

Kicheko kikakatika.

“Nipeni Kalemie.”

Ee Mungu wangu! Hakuna aliyewahi kuomba Kalemie. Nani agawe mji anamolala? Chef wa darasa akawatazama wenzake, akanitazama mimi, nami nikatazama dari. Kisha akauliza kwa shingo upande, “Pamoja na ziwa?”

“Pamoja na ziwa.”

“Haya. Chukua.”

“Njo karanga,” akasema yule msichana, na darasa zima likashika vichwa, maana karanga wanazitafuna kila mapumziko. Lakini hakukaa. Aligeuka akalitazama lile benchi la nyuma, taratibu, kama mwenye nyumba anayehesabu wageni.

“Sasa muji ni yangu,” akasema. “Lakini musiogope. Mutabaki. Sitafukuza muntu.”

Mimi niligeuka nikajitia kufuta ubao, nikafuta na nyota zote, mjinga mimi. Nilikuwa nalia.

Mama mdogo alikuwa amekaa karibu na mlango, beseni lake miguuni. Aliinuka, akafunga upya kitenge chake, akapita katikati ya madawati mpaka mezani kwangu.

“Prof,” akasema, “masomo itaanza tena siku gani?”