Bibi Alipopita Katikati ya Vesi

Kosa langu la mwanzo kabisa katika muziki lilikuwa kumwambia bibi mwenye nyumba asipite kwenye korido yake mwenyewe wakati narekodi.

Nilikuwa nimepanga chumba Mbagala, kwenye nyumba ya korido moja ndefu yenye vyumba pande zote mbili, mlango wa mbele unatazama barabara ya vumbi na wa nyuma unatokea uani. Chumba hicho ndicho kilikuwa studio. Godoro nililisimamisha ukutani kuzuia mwangwi, blanketi nikalitundika dirishani, maiki nikaifunga juu ya stendi ya feni mbovu. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kuchana mistari na kurekodi kwa kutazama video kwenye simu, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuniambia "hapo inatosha", mie sikuwahi kuona kitu kimetosha. Mstari mmoja niliurudia mpaka sauti inakauka. Nikilala, naota nimeukosea.

Mbele ya kompyuta mpakato alikaa rafiki yangu, fundi simu wa mtaa wa pili. Alikubali kila wazimu wangu isipokuwa kufunga mlango.

"Braza, mie nimekuja kurekodi, sijaja kuokwa."

Basi mlango ukabaki wazi. Wimbo wenyewe ulikuwa wa majigambo: nina ghorofa Masaki, nina magari hata mengine siyajui rangi, nikikohoa jiji zima linashtuka. Nimefika kwenye magari, uso nimeukunja, bibi akatokea koridoni na ndoo yake. Sasa mie nimelelewa na mama mwalimu aliyetoka bara. Mtu mzima hapiti mbele yangu bila kuamkiwa, hata nyumba iwe inaungua. Mdomo ukaenda wenyewe.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba. Umekula?"

"Bado!"

Nikaendelea na magari yangu. Salamu yote ilikuwa imeangukia ndani ya biti kana kwamba tumefanya mazoezi. Rafiki yangu alicheka mpaka akashuka kwenye kiti. Mie nilikasirika karibu kulia. Nilimwamuru afute, akafuta huku akinitazama kwa huruma, kisha nikatoka uani kumkabili bibi.

"Bibi, samahani, naomba mchana tukiwa tunarekodi usipite koridoni. Unaharibu kazi."

Neno "unaharibu" nililisikia likitoka na sikuweza kulirudisha.

Bibi aliweka mwiko chini. "Kwa hiyo nyumba niliyojenga mwenyewe nipite kwa kibali?"

Tangu siku ile akawa anazunguka nje, pembeni ya nyumba, kwenye tope la maji ya kufulia, ndoo mkononi, akisema kwa sauti ya kufika barabarani: "Tunapita huku, jamani, ndani kuna msanii!" Nikimwamkia, hasemi marahaba. Anasema "Ee." Kama hujawahi kuitikiwa "ee" na mtu aliyekuwa akikuuliza kila siku kama umekula, huwezi kujua jinsi korido ilivyokuwa ndefu kwangu.

Nilichokuwa sijui ni kwamba rafiki yangu, siku ile ya salamu, alikuwa amenirekodi na simu pia. Akaiweka klipu kwenye stetasi yake bila kuniambia. Kufika wiki iliyofuata, nikipita kijiweni bodaboda wananipigia kelele: "Msanii! Umekula?" Watoto wanajibu wenyewe: "Bado!" Nilijua nimekwisha. Nikaanza kupita njia ya msikitini ili nisionekane.

Kumbe klipu ilikuwa imeshatoka Mbagala. Watu wa Nairobi walicheza nayo, wa Kampala wakaichanganya na biti zao, na siku moja nikapokea ujumbe kutoka Ujerumani. Dada mmoja anayeandaa tamasha la muziki alitaka wimbo mzima. Ukiwafaa, nitaalikwa jukwaani. Mwisho wa kuupokea ni Ijumaa.

Nilituma ule safi, ulionitoa jasho wiki nzima, hauna hata pumzi iliyokaa vibaya. Jibu lilikuja jioni hiyohiyo, limeandikwa kwa upole: wimbo mzuri, lakini bibi yuko wapi?

Nilikaa kitandani na simu mkononi. Sauti halisi nilishaifutisha. Klipu ya simu ilikuwa inakwaruza. Tiketi yangu ya kwanza ya kutoka nje ya nchi ilikuwa mikononi mwa mtu aliyekuwa ananiitikia "ee".

"Usiende peke yako," rafiki yangu alisema. "Mtu mzima ukimkosea unaenda na mtu."

"Nani sasa?"

"Si mie hapa? Vaa shati."

Tulimkuta bibi uani anamenya mihogo. Tukakaa kwenye mkeka. Hakunitazama, alimgeukia mwenzangu.

"Muulize huyo mwenzio amefuata nini."

Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuweza kumshikia bakuli.

"Bibi, anaomba radhi. Alikosa adabu, anajua."

"Mwambie nimesikia. Halafu?"

"Halafu anaomba upite koridoni."

Kisu kikasimama. "Nipite? Kibali kimetoka?"

Nilishindwa kuvumilia. "Bibi, mie ndiye niliyeharibu. Siyo wewe. Hata kama hutaki kurekodi, naomba tu uniitikie salamu yangu."

Alimenya muhogo mmoja mzima kwanza. Kisha kwa mara ya kwanza akanitazama. "Huo wimbo una matusi?"

"Hauna, bibi."

"Basi nyie ngojeni mihogo iive. Sifanyi kazi na watu wenye njaa."

Tukala mihogo ya nazi, sahani imejaa. Bibi akaingia ndani, akarudi amevaa doti mpya ya khanga na wanja machoni. Nikajua tumepona.

Hatukupona haraka. Nikimwamkia katikati ya vesi, anasimama wima mbele ya mlango na kusema kama anasoma taarifa ya habari: "Marahaba, mjukuu wangu. Je, umekwisha kupata chakula?" Tukarudia. Akaongeza dua. Tukarudia. Mie jasho linanitoka, naanza kumwelekeza anyanyue sauti wapi, rafiki yangu ananikonyeza ninyamaze. Mwishowe bibi akachoka. "Mie sufuria langu linaungua," akasema, akaondoka.

Rafiki yangu hakuzima mashine. "Wewe chana tu."

Nikachana, moyo umeshuka. Nikafika kwenye magari. Bibi akawa anarudi kutoka uani, sufuria mkononi, ameshasahau habari za maiki.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba. Umekula?"

"Bado!" nikajibu, maana ndivyo wimbo unavyosema.

Bibi akasimama. "Bado? Na mihogo yangu umempa nani?"

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Mistari yote ikanitoka kichwani. Biti ikaenda yenyewe, kicheko changu kinasikika, bibi anasikika akiondoka na malalamiko yake, na mie nikadandia tena mwishoni kabisa, kwenye ghorofa la Masaki, sauti ingali inatetemeka.

"Turudie," nikasema. "Nimeacha pengo kubwa pale katikati."

Rafiki yangu akafunga kompyuta, akaikalia. "Imetoka hiyo."

"Ina makosa."

"Ndiyo. Tuma."

Nilikwenda chooni uani, nikarudi, nikaenda tena. Bibi akaniuliza kama mihogo imenidhuru. Hatimaye nikatuma, nikaizima simu na kuificha chini ya mto kama vile imeiba kitu.

Walinialika, na wimbo wakauweka mtandaoni kabla ya tamasha. Nilisimama kwenye jukwaa la Ujerumani, nikapaza sauti: "Shikamoo!" Uwanja mzima ukajibu: "Marahaba!" Wakaendelea wenyewe mpaka kwenye mihogo, matamshi yamepinda lakini kwenye biti wamo. Baada ya hapo redio za nje zikaanza kuupiga, na mialiko mingine ikafuata.

Usiku ule wa tamasha nilimpigia bibi kumweleza.

"Wameniitikia marahaba, bibi. Wote."

"Wakubwa kwako?"

"Wengine watoto tu."

"Na wewe ukawaamkia! Hao mihogo wanaijua?"

"Hawaijui."

"Masikini," akasema. "Umekula?"

Bado napanga chumba kilekile, ingawa maiki ni mpya na ina stendi yake. Bado naogopa kila ninapotuma wimbo. Ila siku hizi narekodi mlango ukiwa wazi, na bibi anapita anapotaka.