Hodi Mara Tatu

Ummulkheir wa Bofu huandika programu za zahanati. Programu ya miadi huiuliza ile ya madaktari nani yuko zamu. Kuuliza kwenyewe ni mistari minne tu ya programu: Ummulkheir hutaja anwani na jibu analolitaka, safari yote iliyobaki hufanywa na kompyuta.

Mistari hiyo minne imemlia wiki nzima. Programu ya madaktari ikizidiwa ikachelewa kujibu, hii ya miadi huuliza tena na tena, mpaka zote mbili zikwame.

"Nimechoka, mama," akalalamika. "Programu hii yabisha hodi tu, haiondoki."

"Kwani yabisha hodi mara ngapi?" mamake akauliza, akimwekea chai.

"Haina kikomo. Mimi ndiye sikuiwekea."

"Basi umeinyima adabu, mwanangu. Hodi ni tatu. Usipoitikiwa, warudi."

Ummulkheir akafumba macho kwa aibu. Kisha akaandika: mara tatu, halafu mwambie mgonjwa ajaribu baadaye. Akaijaribu. Haikukwama.

Simu ikalia. Ni meneja wake, kwa mara ya nne tangu adhuhuri. Akaigeuza kifudifudi, akanywa chai.