Unga Uliozikwa Bulengera

Mama Kahongya ni jirani yangu hapa Bulengera. Bwana yake alikufa zamani, naye akalea watoto kwa biashara ya unga wa muhogo. Aliununua kijijini Kalunguta, na kwa kuwa nyumba yake inavuja, aliuweka katika depo ya mfanyabiashara mmoja anayeitwa Kambere.

Mwaka jana, wakati wa mvua kubwa, watoto wa mtaa walianza kuumwa tumbo baada ya kula bugali. Watu wa Leta, yaani serikali, wakaja kukagua depo za barabara yetu, na Mama Kahongya akaniomba nimsindikize. Mlango wa Kambere ulipofunguliwa, harufu ilitusukuma nyuma. Maji yalikuwa yamepita chini ya magunia, panya walikimbia huku na huku, na bidoni za plastiki zenye dawa ya wadudu ya kupulizia kakao zilikuwa zimepasuka na kumwagikia unga.

Magunia yote yalipakiwa katika lori, yakapelekwa kuzikwa kwenye shimo nje ya mji. Habari ilitutangulia. Tulikuta kilima kizima kimejaa watu, wamama na mabeseni, vijana na mifuko mitupu. Wengi wao vita iliwafukuza mashambani, na njaa yao ilikuwa ya kweli. Walisema Leta inazika chakula cha maskini, tena wakubwa watarudi kukifukua wakakiuze. Shefu Kalala, msimamizi wa kazi ile, alijaribu kuwaeleza, lakini yeye ni mtu wa Kasai, mgeni kwetu, na hakuna aliyetaka kumsikia. Watu wakaanza kuteremka. Polisi wakainua bunduki.

Ndipo Mama Kahongya akaingia shimoni. Alitafuta gunia lake, akalipasua, akainua bonge la unga mbele ya watu wote. Lilikuwa limeota ukungu wa kijani, na dawa ilimchuruzika mkononi.

“Hii ni unga yangu,” akasema. “Mali yangu yote iko mu hii shimo. Mwenye anataka, akuje akamate. Lakini aangalie kwanza batoto yake ku macho.”

Hakuna aliyesogea. Halafu mama mmoja wa mbele akageuza beseni lake, akaanza kupanda kurudi. Wengine wakamfuata polepole, mpaka wote wakaondoka. Polisi wakashusha bunduki. Shefu Kalala alivua kofia, akamnyooshea Mama Kahongya mkono kumtoa shimoni, na unga ukafunikwa kwa udongo.

Mama Kahongya hakulipwa chochote. Depo ya Kambere ilifungwa, na Kambere mwenyewe akahamia Beni. Wamama wa soko ndio waliomchangia Mama Kahongya maharagwe, kila mmoja bakuli lake, akaanza biashara tena.

Siku moja nilimwuliza kama hakuogopa.

“Niliogopa sana,” akanijibu. “Magoti ilikuwa inatetemeka. Hamukuiona tu, kikwembe nilijifunga iliifunika.”