Kampuni Iliyoanzia Kwenye Kilio Changu

Upumbavu huu ni wangu, na nauandika mimi mwenyewe kabla jirani yangu hajausimulia, maana yeye huutia chumvi.

Jioni moja hapa Butembo nilikata majani ya migomba, nikayatandaza barabarani mbele ya nyumba yangu, na mengine nikayachomeka kwenye lango la kiwanja. Kesho yake tulikuwa tupige picha za kilio, kipande cha kwanza cha mchezo wetu wa kwanza, nami nilitaka mahali paonekane pa kweli. Kila mtu wa huku anajua majani hayo yanasema nini: pita polepole, hapa kuna maiti. Mimi pia nilijua. Kilichonipita ni kwamba wapita njia hawakujua kuwa natengeneza filamu. Nikayaacha pale, nikala, nikalala usingizi wa mtu mwema.

Asubuhi nilivaa suti ya marehemu baba, nikajinyoosha kwenye mkeka katikati ya salon, yaani sebule, nikafunikwa shuka. Maiti ilikuwa mimi. Yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, ndiye aliyetunga mchezo na ndiye aliyeshika kamera, ileile aliyokuwa akipigia picha za harusi. Aliponipa nafasi hiyo alisema amepima vipaji vya ukoo mzima, na hakuona mwingine anayeweza kulala chali tangu chai hadi chakula cha mchana bila mazoezi.

Wanawake wakaanza kuingia. Wana kuni kichwani, maharagwe kwenye beseni, ndoo za maji, kama inavyotakiwa jirani anapofiwa. Walilia vizuri ajabu. Chini ya shuka nikajiuliza yaya amewapata wapi wachezaji wa namna hii. Naye nyuma ya kamera, alivyoniambia baadaye, alikuwa akijiuliza mdogo wake asiyetoka nyumbani amewaalika lini watu wote hawa. Basi kila mmoja akamsifu mwenzake kimoyomoyo, na kamera ikaendelea.

Jirani wa ukuta mmoja na mimi, mama anayeongoza kwaya ya kanisa lao la Kiprotestanti, akakaa miguuni pangu, akaishika, akaanza kuniaga. Alisema nilikuwa mtu mzuri. Alisema nilikuwa mvivu, lakini uvivu wangu haukumdhuru mtu. Alisema sokoni sikufika bila kutumwa mara mbili. Yote hayo niliyavumilia. Kisha akamwomba Mungu anisamehe kuku wangu waliomaliza mboga zake.

"Zile kuku haiko zangu," nikasema.

Namna watu walivyotoka sitaeleza. Mlango wa nyuma haufungiki vizuri hadi leo. Mchana shangazi yangu akafika kutoka Vuhovi, kwa kuwa simu hukimbia kuliko ukweli, amekumbatia jogoo wa matanga, akanikuta nakunywa chai. Aliketi akalia upya, safari hii kwa hasira, na jogoo akarudi naye Vuhovi.

Wa kwanza kurudi alikuwa yule jirani, na mkononi alikuwa na ukuni mmoja. Nilidhani ni wangu, wa mgongoni. Lakini alimgeukia yaya, akauliza kama ile mashine ilikamata machozi yao. Yaya akakubali kwa kichwa. Mama akautupa ukuni kwenye rundo.

"Basi mutaonyesha sisi kwanza," akasema. "Sisi njo tulilia. Mutu mwengine ataona nyuma yetu."

Maharagwe yakapikwa, kwa kuwa yalikuwa yamekwisha kuja, na marehemu akapewa sahani ya mwisho. Hivyo kampuni yetu ikapata sheria yake kabla ya kupata jina, muhuri au taa ya maana: kila kipande kinaonyeshwa kwanza kwenye kiwanja changu, Jumapili baada ya ibada na misa, chini ya bâche, lile turubai la kijani tunalokodisha pia kwenye vilio vya kweli. Televisheni juu ya meza, watu kwenye viti walivyokuja navyo. Baada ya hapo ndipo kinatoka kwenda kwingine.

Makampuni makubwa huandika historia yao kwa picha za majengo. Sisi jengo letu ni salon yangu. Makao makuu, studio, chumba cha mavazi na ghala ni palepale, na ninapotaka kulala inabidi nihamishe makao makuu pembeni. Yaya ni directrice générale, mkurugenzi mkuu. Mimi ni mkuu wa mambo yote yanayofanyika bila kuvaa viatu. Baraza la utawala hukutana bugali ukiiva, na hakuna mjumbe aliyewahi kukosa.

Usambazaji nao una tawi. Binamu yetu ana kibanda cha kuchajia simu kule Bungulu, mjini Beni. Dereva wa pikipiki humpelekea kipande kipya kwenye flash disk, ameificha ndani ya soksi, na binamu anawanakilia watu kwenye kadi za simu zao. Wakulima wa Kalunguta wakishuka sokoni na maharagwe yao, hupitia kwake kwanza, wanauliza yule mama mkwe wa mchezoni amekwisha fukuzwa au bado. Kuna siku njia haipitiki. Siku hizo binamu huwasimulia kipande kwa mdomo, na wako wanaosema kwa mdomo wake ni kizuri zaidi.

Kwa nini hatukufa? Wengi wameuliza. Siku za ville morte, mji ukifungwa na kila mtu kujifungia kwake, wafanyabiashara hulia. Sisi hupiga picha, maana wachezaji wote ni majirani na wote wako nyumbani. Umeme ukikatika tunaandika sehemu inayochezwa gizani. Habari za mauaji ya upande wa Beni sitaziandika hapa, redio inazitoa kila asubuhi. Mtu mmoja wa heshima alimwambia yaya kwamba si wakati wa kuchekesha watu. Yaya akamjibu kwa adabu kuwa huo wakati mwingine, hajaona mtu wa kumwambia utafika lini, na yeye ana kipande cha kumaliza.

Kisha akaja bwana wa kravati, tai shingoni. Alitumwa na kampuni kubwa ya usambazaji ya huko mji mkuu. Kadi zetu zilikuwa zimesafiri mfukoni kwa watu hadi zikamfikia bosi wake. Alikaa salon kwangu, akavisifu vitu vyetu, hasa kile kilio cha kwanza. Alitaka michezo yote, ya zamani na ijayo. Yaya angepata studio yenye milango inayofungika, nasi wawili tungehamia kule. Sharti lilikuwa moja. Hakuna mtu wa kuona kipande kabla ya wateja wao. Jumapili ya kiwanjani iishe, na kibanda cha Bungulu kifungwe.

Alituacha tufikiri hadi Jumapili. Hazikuwa siku nzuri. Yaya alikuwa amechoka, na nani angemlaumu. Kamera ile ya harusi ilikuwa imeanza kuona kila mtu wa buluu. Alizunguka nyumba, kisha akaniambia kwamba karatasi inataka sahihi mbili, yake na yangu, na yake yeye angeitia. Nikamwambia yangu sina hakika nayo. Akacheka. Alisema mimi ningekataa hata mbingu kama kuna safari. Na kweli, niseme nini? Fikira ya kuhama nyumba hii ilinitia homa. Nilijichunguza siku hizo kama mtu anayetafuta kiroboto, nijue kama ninachokilinda ni kiwanja cha watu au ni mkeka wangu. Vyote viwili nilivikuta pale, vimekumbatiana.

Jumapili bwana alikuja mapema, kabla ibada hazijatoka. Bâche lilikuwa limekwisha tundikwa, maana hakuna aliyeamuru lisitundikwe. Yaya akatia sahihi yake. Kalamu ikasogezwa kwangu. Nikamwuliza yule bwana, basi hawa mama wa kiwanjani wataona vipi? Akatabasamu, akasema hilo si tatizo, mambo yakianza watatumiwa lien, yaani kiungo cha mtandaoni, kwa simu, na atakayetaka atalipia kidogo aone.

"Ile siku balisikia nimekufa, habakunitumia lien," nikamwambia. "Balikuya na kuni kwa kichwa. Mimi sitatia sahihi."

Alidhani natafuta bei. Akaongeza. Nikakataa tena. Akamgeukia yaya amsaidie kunirudisha akili. Yaya akaichukua ile karatasi, akaikunja na sahihi yake ndani, akaiingiza chini ya mguu wa meza ya televisheni, ule mfupi.

"Voisin amesema," akamwambia bwana, akiniita jirani kana kwamba mimi si ndugu yake. "Kama unabaki, beba kiti. Bamama banakuya."

Hakubaki. Tangu hapo wachezaji wetu wawili wamekwenda kutafuta maisha Goma, na kamera bado inaona buluu. Yaya ameandika kisa cha mji uliopigwa na baridi, basi rangi imepata kazi. Kibanda cha Bungulu kiko wazi. Kampuni ile ikitaka kipande, ije imletee binamu kadi kama mtu wa Kalunguta, ipange mstari.

Jumapili ileile watu walijaa hadi kwenye ukuta. Katika kipande kipya mimi nilikuwa naongea sana, na nilikuwa nimejitahidi. Jirani yangu alikaa mbele, na habari ya asubuhi alikuwa nayo tayari, sijui nani alimpa. Aliangalia hadi mwisho bila kucheka popote nilipotaka acheke. Kisha akakunja kiti chake, akanipita, akasimama.

"Ulikatala muzuri," akasema. "Lakini ile siku ulikuwa maiti njo siku moja tu ulicheza muzuri, na ile siku pia uliharibisha juu ya kufungua kinywa."