Theluji ya Pamba ya Leta

Namlaumu yule masela, yaani sista, na sijaacha hadi leo. Mtawa wa Kizungu, anatufundisha sisi watoto wa miaka sita misioni ya Baraka, jua linachoma hadi mbuzi wanahema, halafu anatuambia eti kwao mvua huanguka nyeupe na laini, na watoto huichezea! Hatukuelewa. Basi akapasua mto wake, akaturushia pamba. Yesu Maria, tulicheka hadi tukakaa chini!

Nyumbani nikataka wadogo zangu nao waione theluji. Wazazi walikuwa shambani. Ndani mlikuwa na vikapu vitatu vya pamba ambayo mama alikwisha kuichambua, ya kupimwa kesho yake. Kila nyumba ililazimishwa kuilima. Tuliiita pamba ya Leta, yaani ya serikali ya kikoloni, kwa sababu ndiyo iliyoitaka, si sisi. Nikaimwaga yote uani. Tukarushiana, tukajifunika, tukagaagaa, palepale mama alipokamua mawese asubuhi.

Kicheko kikanikatika. Theluji yetu ilikuwa nyekundu. Kadiri nilivyoifuta, ndivyo mafuta yalivyozidi kuenea.

Mama aliporudi aliweka mikono kichwani. "Mama yangu weee! Batoto, munatuua!" Hakutupiga hata kofi, na hilo ndilo lililonitia hofu. Pamba chafu ilikataliwa, na aliyeichafua alichapwa fimbo mbele ya watu, awe mkubwa, awe mtoto. Baba, aliyekuwa katekista na hakuwahi kuonja pombe, aliitazama ile pamba, akanitazama mimi, akaingia ndani.

Kesho yake monita wa kilimo, msimamizi wa pamba, akatia mkono kikapuni, akautoa unang'aa mafuta.

"Nani alifanya hivi?"

Nilikuwa nyuma ya mama. Nikafungua mdomo niseme. Mama akanifunika kwa kiganja.

"Ni mi," baba akasema. "Nilikuwa nimelewa, nikamwaga mafuta."

Baba yangu, ambaye kwa uongo mdogo tu wa nani aliyeonja mboga alitunyima chakula! Watu wakaangua kicheko: katekista mulevi, loo! Wakamlaza kifudifudi, wakamchapa, na hakulia.

Jumapili padri alimwita mbele ya kanisa zima, akamwondoa ukatekista kwa sababu ya pombe. Nilimgeukia mama, nikidhani sasa atasema kweli. Mama aliinamisha kichwa.

"Ndiyo, mon père," baba akajibu, akaja kuketi kwenye benchi la nyuma, karibu yangu.