Chungu Kabla ya Adui

Mlimani Kibabi, mwaka 1965, mtu akibisha hodi alitazamwa mikono kwanza, uso baadaye. Machafuko ya majirani kuuana yalikuwa yamewafundisha watu hivyo.

Kwa hiyo Anne, binti mdogo wa Sebarenzi, alipoanza kutapika na kulegea miguu baada ya kula muhogo ambao jirani yao Kabera aliwaletea kutoka Walikale, hakuna aliyeuliza ni ugonjwa gani. Waliuliza ni nani. Sebarenzi alichukua panga, nduguze wakamfuata hadi uani kwa Kabera.

Adelaïde, mjane anayelima maharage mlima uleule, hakuwafuata mara moja. Aliingia jikoni kwa Sebarenzi, akavunja kipande kilichobaki chunguni, akakigusisha ulimi. Kichungu. Ndipo akakimbia.

Alimkuta Kabera amebanwa ukutani.

"Mama, toka mu njia," Sebarenzi alisema. "Huyu alituletea sumu."

"Pengine alileta. Mimi sijui, na wewe haujui. Kabera, kwako mulishakula ule muhogo?"

"Bado, Mama. Yetu iko mu maji, ku kijito."

Ndugu mmoja akacheka. "Anaosha sumu yake."

"Basi twende tuone vile anaiosha," Adelaïde alisema, akatangulia.

Kijitoni, chini ya mawe, kilikuwapo kikapu cha muhogo uleule, umelainika na kunuka uchachu. Adelaïde aliujua. Ujanani aliishi Walikale, mumewe akiwa kibarua wa barabara, na kule msituni muhogo mchungu hulala majini siku kadhaa, sumu yake itoke, kabla ya kuliwa. Huku mlimani watu walizoea muhogo mtamu, unaomenywa na kuchemshwa papo hapo.

"Uliwaambia wauloweke?"

Kabera alitazama maji. "Nilizani kila muntu anajua."

"Njo kosa lako, na iko kubwa. Lakini muntu mwenye kutaka kuua hasemi wazi kama yake iko mu maji. Sebarenzi, mbele ya kutafuta adui, tafuta mu chungu."

Panga halikushuka. "Na kama mutoto anakufa?"

"Tutalia. Kabera naye atalia. Ukimukata leo, nani atabeba mutoto mpaka ku dispansari? Hawa ndugu zako wenye kucheka?"

Sebarenzi aliinama, akaunusa ule muhogo. Kisha akachomeka panga kiunoni.

"Shika tipoyi mbele," alimwambia Kabera. "Mimi nitakuwa nyuma yako."

Waliteremka hivyo, machela ya mianzi begani, mtoto katikati. Kabera hakugeuka hata mara moja. Kila Anne alipotapika, aliongeza hatua.

Anne alipona. Alirudi juu ya tipoyi ileile, na safari hii Sebarenzi ndiye aliyekuwa mbele, Kabera nyuma yake.